Selfu au ya kawaida?

Ukishuka stendi usiku, Morogoro au Dodoma, ukaulizia chumba, mhudumu wa gesti atakurudishia swali: "Selfu au ya kawaida?" Msafiri mzoefu hahitaji maelezo. Selfu ina choo na bafu humo humo. Ya kawaida, utajifunga taulo, uvae kandambili, ukapange foleni koridoni na watu usiowajua.

Neno ni la Kiingereza, "self-contained", ila Waingereza wenyewe hulitumia zaidi kwa makazi yenye jiko na mlango wake. Sisi tumelikata mkia na kulipa kazi nyingine. Kwenye vibao vingine limekuwa "selfu kontena", utadhani unakodi kasha la bandarini! Kwa vyumba vya kupanga, jina hugeuka: chumba masta.

Mimi neno selfu silipingi. Ni fupi, na linamwepusha mgeni kutaja choo mbele ya watu mapokezi. Tatizo ni kwamba halisemi lolote kuhusu maji. Ukikuta bafuni ndoo ya lita 20 imejazwa na kopo linaelea juu, ujue bomba ni pambo. Basi kabla hujatoa hela, omba ufunguo, ingia, fungua koki.