Umeme wa gari unaopotea na kurudi: Jinsi ya kusaka chanzo chake

GARI linapokataa kuwaka kabisa, kazi ya fundi huwa nyepesi kwa kuwa hitilafu iko mbele ya macho yake. Ugumu upo pale umeme unapopotea na kurudi wenyewe. Taa hufifia gari likiwa kwenye foleni ya feri Likoni, huwaka vyema mbele ya gereji, kisha huzimika tena usiku njiani kuelekea Ukunda.

Wenye matatu, teksi na malori katika maeneo ya Likoni, Kisauni na Changamwe huingia hasara kubwa kwa sababu ya tatizo hili. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, na baada ya majuma machache hitilafu ile ile hurudi. Mbali na fedha, maisha ya abiria huwa hatarini taa za mbele zinapozimika ghafla gari likiwa kasi, au waya uliolegea unapopata moto na kuunguza gari.

Kwa nini Pwani

Hewa ya bahari hubeba chumvi. Chumvi hiyo ikikutana na unyevu hula shaba na risasi, na kuacha ukoga wa kijani kwenye nyaya na unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Kwa macho waya huonekana umeshika, ilhali umeme unapita kwa taabu.

Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150 au zaidi. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 pekee hupoteza volti 1.5 wakati huo. Taa ndogo ya ndani huvuta umeme kidogo mno, kwa hivyo huwaka bila shida kupitia kiungo hicho hicho kibovu. Ndiyo sababu dereva hushangaa kuona taa zinawaka lakini injini haizunguki. Mtikisiko wa barabara na joto la injini hufungua na kufunga kiungo kama hicho, na hitilafu huja na kwenda.

Matatu nazo zina mzigo wa ziada. Tangu Februari 2004, kanuni zilizopewa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zililazimu matatu kufungwa vidhibiti mwendo. Juu ya hivyo huongezwa redio, vipaza sauti na taa za mapambo. Kila kifaa kinachofungwa kwa kukata waya na kuuzungusha utepe huongeza kiungo kimoja cha kushukiwa.

Anza na mita

Kipimo cha kwanza hufanywa gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6; ile yenye volti 12.2 imebakiwa na nusu ya nguvu zake. Injini ikiwashwa, magari mengi huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.7. Kiwango kikibaki chini ya 13, mkanda wa alteneta, nyaya zake au alteneta yenyewe huchunguzwa kabla ya betri kulaumiwa. Wakati stata inazunguka, betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi.

Kipimo cha pili hupuuzwa na wengi. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata huzungushwa. Mita ikizidi nusu volti, waya wa hasi unaoungana na injini au bodi una kutu ama umelegea. Dawa yake ni kufungua, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kukaza na kupaka grisi.

Soma dalili

Vitu vyote vikizimika kwa pamoja, vya kushukiwa ni vichwa vya betri, fyuzi kuu, waya wa hasi na swichi ya ufunguo. Kikizimika kifaa kimoja tu, uchunguzi huanzia kwenye fyuzi yake, swichi yake na mahali kinapofungwa kwenye bodi. Taa zikififia injini inapounguruma polepole na kung'aa inapokanyagwa mafuta, mzigo umezidi kile alteneta inachozalisha, au mkanda unateleza.

Hitilafu isipojitokeza gereji, hulazimishwa. Taa na feni huwashwa, kisha fundi hutikisa fungu moja la nyaya baada ya jingine huku akitazama mita. Fyuzi yenye mguu uliobabuka au plastiki iliyoyeyuka huonyesha kiungo kilichopata joto.

Betri ikilala nzima na kuamka imekufa, kuna kifaa kinachonyonya umeme usiku. Waya wa hasi hufunguliwa na mita ya ampea kuunganishwa kati yake na betri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Magari mengi hayapaswi kuzidi ampea 0.05. Redio inayonyonya nusu ampea humaliza ampea-saa 12 kwa siku moja. Fyuzi hung'olewa moja moja hadi kiwango kishuke, na hapo mhalifu amepatikana.

Malori na magari ya kulala

Malori mengi ya makontena yanayoegeshwa Changamwe hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili zilizofuatana. Kuunganisha redio ya volti 12 kwenye betri moja tu huichosha hiyo na kuijaza nyingine kupita kiasi. Taa za trela zinazozimika mara kwa mara aghalabu husababishwa na kutu ndani ya plagi ya trela.

Magari ya watalii yenye vitanda na friji, yanayopitia Likoni kwenda Tiwi na Diani, huwa na betri ya pili ya kuhudumia vyumba. Swichi inayozitenganisha betri hizo ndiyo hukaguliwa kwanza umeme wa ndani unapokatika.

Tahadhari

Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Betri isifunguliwe injini ikiwaka, kwani umeme unaoruka huweza kuharibu kompyuta ya gari. Sigara iwe mbali, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Betri za kuongezwa maji zitiwe maji safi ya betri pekee. Maji ya visima, ambayo sehemu nyingi za Pwani yana chumvi, huziua mapema.

Zaidi ya yote, fyuzi inayokatika kila mara isibadilishwe kwa kipande cha waya wala fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi hukatika ili waya usiungue, na anayeiziba huacha moto utafute njia nyingine.