Urusi ya Vituko: Soko la Picha Lilivyopanda na Kushuka

Kwa muda wa muongo mmoja hivi, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, picha za "Urusi ya vituko" zilipata wateja wengi nchi za Magharibi: vituo vya mabasi vya zege vilivyojipinda kama mawimbi, magari yakiparamiana kwenye theluji, antena ya televisheni iliyoundwa kwa uma za kulia chakula. Leo soko hilo limedorora, na wengi watasema limeuawa na uvamizi wa Urusi nchini Ukraine wa mwaka 2022. Nadhani wanakosea tarehe, na kwa hiyo wanakosea sababu.

Mwanahistoria Larry Wolff, katika *Inventing Eastern Europe* (1994), alionyesha jinsi wasomi na wasafiri wa karne ya 18 walivyoichora Ulaya ya Mashariki kama nchi ya ustaarabu nusunusu. Inashawishi kuziona picha hizi kuwa mtoto wa mtazamo huo. Ila safari hii waliopiga picha, na waliotangulia kucheka, mara nyingi walikuwa Warusi wenyewe. Kilichopotea njiani ni maelezo yao.

Chukua kamera za kwenye magari nchini Urusi. Bima ya lazima ilipoanza mwaka 2003, walikuwepo matapeli waliojirusha mbele ya magari ili walipwe, na si kila askari wa barabarani aliaminika. Dereva aliyefunga kamera alikuwa anajiwekea shahidi wa mahakamani. Mtazamaji wa mbali aliletewa kishindo cha sekunde chache tu. Habari za bima na mahakama hazikusafiri nacho.

Kisha, tarehe 15 Februari 2013, kimondo kikalipuka juu ya Chelyabinsk, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo vilivyovunjika. Dunia ilitazama video za tukio hilo, nyingi za kamera za magari, kama sinema. Jorge Zuluaga na Ignacio Ferrín, wanaastronomia wa Colombia, walitazama kitu kingine: vivuli vya nguzo za taa katika Uwanja wa Mapinduzi mjini humo, vikizunguka kadiri kimondo kilivyopita. Kwa urefu na mwelekeo wa vivuli hivyo walikadiria njia yake angani, kisha mzingo wake kulizunguka jua. Hesabu hiyo isingewezekana kama mahali na saa visingejulikana.

Hayo ndiyo mambo mawili ambayo soko la vituko liliyakata kwanza. Hata neno "Urusi" lilitumika ovyo. Jengo la wizara ya barabara la mwaka 1975, lenye masanduku marefu ya zege yaliyopandana kwa kukingamana juu ya mteremko, lilizungushwa kama kielelezo cha wazimu wa Kirusi. Liko Tbilisi, Georgia. Mbunifu wake mmojawapo, George Chakhava, alikuwa naibu waziri wa wizara ileile, maana yake mteja na mbunifu walikuwa mtu mmoja. Jambo hilo linaeleza ujasiri wa jengo hilo kuliko porojo zote kuhusu roho ya Kislavoni.

Njia nyingine ilikuwepo. Msanii wa Kirusi Vladimir Arkhipov alikusanya vifaa vya kujitengenezea nyumbani, na katika kitabu chake cha mwaka 2006 kila kifaa, kuanzia antena ya uma hadi zulia la mlangoni la vifuniko vya chupa za bia, kina sauti ya aliyekitengeneza. Uhaba unasikika humo, na ufundi pia. Kucheka bado unacheka, ila unajua unacheka na nani.

Kugeuka kwa soko lenyewe nakuweka mwaka 2014. Julai 17 ndege ya abiria MH17 ilitunguliwa mashariki mwa Ukraine, wakafa watu 298. Wachunguzi walizigeukia video ambazo wakazi wa Urusi walikuwa wamezirekodi barabarani mwezi Juni, zikionyesha msafara wa makombora ya Buk ya kutungulia ndege ukielekea mpakani. Hapo swali likawa barabara ipi, siku gani, gari lenye namba gani. Mei 2018 timu ya kimataifa ya uchunguzi ilitangaza kwamba mtambo uliorusha kombora ulitoka kwa brigedi ya 53 ya jeshi la Urusi, ya Kursk, na video hizo zilikuwa sehemu ya ushahidi wake. Serikali ya Urusi nayo ilikuwa imeelewa uzito wa picha yenye mahali na saa: mwaka 2019 iliwakataza kisheria wanajeshi walio kazini kuwa na simu zinazoweza kurekodi na kurusha picha mtandaoni.