Aina za Picha za Kumbukumbu katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Picha ya kumbukumbu ni ile ipigwayo ili kushuhudia jambo lililokuwapo. Kwa kawaida picha hizo hugawanywa kwa kufuata mada: za makabila, za maendeleo, za vita. Lakini historia ya Nachingwea, pamoja na Ruangwa iliyokuwa sehemu yake kabla ya kuwa wilaya ya peke yake, yaonyesha kwamba aina hizo hutofautishwa pia na jina apewalo mtu katika maelezo ya picha.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijakwisha, Karl Weule wa Leipzig alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, jirani na Nachingwea, akisindikizwa na askari. Alichukua kamera, mashine ya filamu na chombo cha kunasa sauti. Wakuu wachache walitajwa majina yao. Walio wengi waliandikwa kwa kabila tu: Myao, Mmakua, Mmakonde.

Aina ya pili ililetwa na mradi wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, nayo ikajengewa reli kutoka pwani. Katika picha hizo mtendaji ni trekta. Mtu ni kibarua. Mradi uliachwa mwaka 1951, kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi, lakini picha za bidii zilibaki.

Katika miaka ya 1960 shamba moja la mradi huo, Farm 17, likawa kambi ya FRELIMO, iliyodumu hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Hapo Waafrika wenyewe walishika kamera, na mtu akaitwa mpiganaji.

Kabila, kibarua, mpiganaji: kila neno lilifungua jambo na kuficha jingine. Mwenyeji, hasa Mmwera, aliyelima kando ya reli na kuishi jirani na kambi, ni nadra kutajwa jina lake. Yapasa basi picha hizo zirudishwe vijijini, wazee waulizwe, na majina wayatamkayo, kwa Kimwera na kwa Kiswahili, yaandikwe kabla wanaoyakumbuka hawajatoweka.