Ndio Mzee, kutoka kwenye kanda hadi Mikumi

Wiki hii mihadhara imepungua, acha niweke historia kidogo. Wengi mnamjua Profesa Jay kama msanii wa Bongo Fleva, wengine kama mbunge wa zamani. Mimi namuona pia kama mwigizaji, tena mkali.

Jina lake ni Joseph Haule. Akiwa na Hard Blasters walitoa albamu ya Funga Kazi, mwaka 2000. Mwaka 2001 akatoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu, akiwa ni Profesa. Huku chuoni watu wanausotea huo uprofesa mpaka mvi zinatoka. Yeye alijivika mwenyewe, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo!

Ndani ya albamu hiyo kuna Ndio Mzee. Humo anavaa sura nyingine tena, ya mgombea jukwaani. Anamwaga ahadi mpaka ya wanafunzi kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo mwezini, na umati unaitikia tu ndio mzee. Watu walimcheka mgombea. Ila sikilizeni tena: jamaa anaongeza uongo kwa sababu kila akiongeza anaitikiwa. Anayechekwa pale ni umati, yaani sisi.

Sasa njooni 2015. Haule anasimama kwenye majukwaa ya kweli, jimbo la Mikumi, wilaya ya Kilosa, kwa tiketi ya Chadema, na anashinda. Fikirieni, anaomba kura kwa watu ambao yeye mwenyewe aliwafundisha miaka 14 nyuma namna ya kumcheka mgombea. Alikaa bungeni miaka mitano. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao Chadema waliyakataa matokeo yake, jimbo likaenda kwa Dennis Londo wa CCM.

Kwa sisi wa ualimu hii inatuhusu sana. Nilipokuwa Kilosa kwenye mazoezi ya kufundisha, kila nikiuliza "mmeelewa?" darasa zima lilijibu "ndiyo mwalimu!" Kwenye madaftari hamna kitu. Siku moja nikawaambia makusudi kwamba Mto Mkondoa unapanda mlima. "Mmeelewa?" "Ndiyo mwalimu!" Hata waliovuka daraja lake asubuhi ile waliitikia.

Watoto hao wakifika miaka 18 wanapiga kura. Sasa wenzangu mnaokwenda kufundisha mwaka huu, mtafanyaje ili darasani apatikane hata mmoja wa kusema "hapana mwalimu"? Naomba maoni yenu.