Giorgio Moroder na Mdundo wa Munich
Giorgio Moroder, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1940, aliubadili muziki wa dansi mwaka 1977 mjini Munich, pale yeye na mtunzi mwenzake Pete Bellotte walipomrekodi mwimbaji Donna Summer katika wimbo "I Feel Love", ambao karibu sauti zake zote za ala zilitoka kwenye sintesaiza ya Moog, yaani kinanda kinachounda sauti kwa mikondo ya umeme. Kwa kuwa chombo hicho kilipoteza ulinganifu wa sauti upesi, kilirekodiwa kwa vipande vifupi, kisha kila noti ya besi ikarudiwa kwa kuchelewa kidogo katika spika ya pili, na humo ndimo ulimozaliwa mwendo ule usiochoka. Ngoma ya mguu, hata hivyo, ilipigwa na mpiga ngoma Keith Forsey mwenyewe, mchango unaostahili kutajwa zaidi. Mwaka 1979 Moroder alipata Oscar kwa muziki wa filamu "Midnight Express".