Malipo ya Awali na Mnunuzi wa Nyumba ya Kwanza: Mafunzo ya Historia ya Marekani

Je, ni haki kumtaka mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza aweke akiba kubwa kabla ya kukopeshwa? Swali hili limezuka mara nyingi katika nchi ambazo watu hununua nyumba kwa rehani, na majibu yake huwa mawili. Wako wasemao kwamba malipo ya awali, yaani fedha ambayo mnunuzi huitoa mkononi mwake kabla ya kukopeshwa kiasi kilichosalia, ndiyo ngao ya mkopeshaji na ya mkopaji pia. Mtu aliyejinyima kwa miaka mingi hataiacha nyumba yake kwa urahisi, na bei ya nyumba ikishuka kuna kitu cha kuipunguza hasara. Wako pia wasemao kwamba sharti hilo halipimi uaminifu wa mtu bali hupima mfuko wa baba yake. Kwani mwana wa tajiri hupewa fedha hiyo kwa siku moja, na mwana wa maskini, huku akilipa kodi ya chumba kila mwezi, huitafuta hata ujana wake ukampita. Kila upande una hoja yake. Historia ya Marekani yafaa kuchunguzwa katika jambo hili, kwa sababu nchi hiyo imejaribu njia zote: kutaka nusu ya bei, kutaka sehemu moja katika tano, na kutotaka kitu chochote, na matokeo ya kila njia yamejulikana.

Asili ya jambo lenyewe ilikuwa Uingereza. Mwaka wa 1775, katika mji wa Birmingham, kilianzishwa chama cha kujengeana nyumba ambacho wanachama wake walikutana katika nyumba ya wageni ya Golden Cross, iliyosimamiwa na Richard Ketley. Kila mwanachama alitoa fungu lake kila mwezi. Fedha ilipotosha, mmoja wao alipewa akapata nyumba, kisha akaendelea kutoa fungu lake mpaka wenzake wote nao wamepata. Ajuaye upatu ataitambua desturi hii mara moja. Ilivuka bahari, na mwanzoni mwa mwaka wa 1831 chama cha namna hiyo, Oxford Provident Building Association, kilianzishwa huko Frankford, karibu na Philadelphia. Mkopo wake wa kwanza alipewa Comly Rich, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha taa za barabarani. Katika vyama hivyo hakuna aliyetakiwa kuja na rundo la fedha siku ya kwanza. Dhamana ya mtu ilikuwa mazoea yake: haba na haba aliyoitoa mbele ya macho ya wenzake.

Miji ilipokua, mabenki na makampuni ya bima yaliingia katika kazi ya kukopesha, nayo hayakuwajua wakopaji wao kama majirani wajuanavyo. Kwa hiyo yalitafuta usalama katika ukubwa wa malipo ya awali. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa kawaida kwa mkopeshaji wa aina hiyo kutoa kama nusu tu ya thamani ya nyumba, kwa muda wa miaka mitatu hadi mitano. Mara nyingi mkopaji alilipa riba peke yake, na muda ulipokwisha alidaiwa deni lote kwa mkupuo mmoja. Desturi ilikuwa kuomba mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Na yule asiyekuwa na nusu ya bei alifanya nini? Alichukua rehani ya pili, kwa mtu mwingine, kwa riba kubwa zaidi. Hivyo yale malipo makubwa, yaliyodhaniwa kuwa ni akiba, mara nyingi yalikuwa deni lililovaa nguo za akiba.

Msukosuko wa mwaka wa 1929 uliufichua udhaifu huo. Mabenki yaliyokuwa yakifilisika hayakuweza kutoa mikopo mipya, na watu waliopoteza kazi hawakuweza kulipa deni lote kwa siku moja. Katika mwaka wa 1933 nyumba zipatazo 1,000 zilikuwa zikichukuliwa na wadai kila siku. Hapa pana jambo la kuzingatia. Wengi wa walionyang'anywa nyumba walikuwa wamezinunua wakati ambapo masharti ya malipo ya awali yalikuwa magumu mno. Ugumu huo haukuwaokoa, kwa sababu ubaya ulikuwa katika umbo la mkopo wenyewe.

Mwezi wa Juni 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la Home Owners' Loan Corporation. Shirika hilo lilichukua madeni ya watu waliokuwa karibu kufukuzwa, likawapa mikopo mipya ya miaka 15, kwa riba ya asilimia 5, iliyoweza kufikia asilimia 80 ya thamani ya nyumba. Tena kila malipo ya mwezi yalipunguza sehemu ya deni pamoja na riba. Mikopo ipatayo milioni moja ilitolewa. Hawa walikuwa watu waliokwisha kushindwa kulipa, tena wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi. Hata hivyo karibu wanne katika kila watano walibaki na nyumba zao, na shirika lilipofunga hesabu zake mwaka wa 1951 lilikuwa na faida kidogo. Umbo jipya la mkopo lilikuwa limefanya kazi ambayo nusu ya bei haikuweza kuifanya.

Sheria ya Nyumba ya mwaka wa 1934 ililifanya umbo hilo kuwa la kawaida. Idara mpya iliyoitwa Federal Housing Administration, au FHA, haikukopesha mtu fedha. Kazi yake ilikuwa kuikatia bima mikopo ya mabenki, na ada ya bima ilitoka katika malipo ya mkopaji mwenyewe. Mnunuzi alitakiwa kutoa asilimia 20, na muda wa kulipa ulifika miaka 20. Mwaka wa 1938, kwa nyumba mpya za bei ndogo, sharti lilishuka hadi asilimia 10 na muda ukaongezwa hadi miaka 25. Wazo lilikuwa dogo lakini lenye nguvu: hasara ambayo zamani kila mnunuzi alitakiwa kuikinga peke yake kwa akiba yake, sasa ilikingwa na wanunuzi wote kwa pamoja.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa tarehe 22 Juni 1944, sheria ya kuwasaidia askari waliorudi vitani ilipotiwa sahihi. Serikali ilijitwika dhamana ya sehemu ya mkopo wa askari, mwanzoni isiyozidi dola 2,000, na tangu mwisho wa mwaka wa 1945 isiyozidi dola 4,000 kwa nyumba. Kwa dhamana hiyo askari aliweza kununua nyumba bila ya malipo ya awali hata kidogo. Walakini mlango haukuachwa wazi bila ya bawabu. Riba ilikuwa na kikomo cha asilimia 4. Bei ya nyumba haikuruhusiwa kuzidi thamani iliyokubaliwa na mkadiriaji. Na malipo ya mwezi yalipasa kulingana na mapato ya askari. Kufikia mwaka wa 1952 mikopo ya nyumba karibu milioni 2.4 ilikuwa imepata dhamana hiyo. Katika mwaka wa 1940 kaya zilizoishi katika nyumba zao wenyewe zilikuwa asilimia 43.6 ya kaya zote za Marekani. Mwaka wa 1960 zilikuwa asilimia 61.9. Mishahara mizuri ya miaka ile ilikuwa na sehemu yake katika badiliko hilo, lakini ni dhahiri kwamba kuondolewa kwa sharti la akiba kubwa hakukuleta maangamizi yaliyoogopwa.

Ila neema hiyo haikuwafikia wote. Serikali ilitoa dhamana, lakini mkopo wenyewe ulitoka benki, na benki iliachiwa kuchagua. Katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, hesabu ya mwaka wa 1947 ilionyesha mikopo 3,229 iliyopewa dhamana chini ya sheria ya askari kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba. Katika hiyo, mikopo 2 tu ndiyo waliyopewa askari weusi. Katika mji mpya wa Levittown, jimbo la New York, ambako nyumba zaidi ya 17,000 zilijengwa kati ya mwaka wa 1947 na 1951, mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba zisikaliwe na watu wasio weupe. FHA nayo ilikataa kukatia bima mikopo katika mitaa mingi ya watu weusi.

Walionyimwa rehani waliangukia mikononi mwa walanguzi. Huko Chicago, katika miaka ya 1950 na 1960, maelfu ya familia za watu weusi zilinunua nyumba kwa mkataba wa malipo ya mwezi kwa mwezi, kwa bei iliyozidi sana ile aliyoitoa mlanguzi. Mnunuzi alitoa malipo ya awali, akatengeneza paa na bomba kwa gharama yake, lakini hati ya nyumba ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe. Akikosa mwezi mmoja aliweza kufukuzwa, na yote aliyokwisha kuyatoa yakapotea. Mwaka wa 1968 wakazi wa mtaa wa Lawndale waliunda umoja wa kupigania haki zao, Contract Buyers League, na baadhi yao walizuia malipo yao ya mwezi ili kuwalazimisha wauzaji wabadilishe mikataba. Watu hawa walikuwa na akiba, tena walikuwa na nidhamu ya kulipa. Kilichokosekana ni mkopo wa haki.

Haifai hata hivyo kuficha upande wa pili wa habari. Sheria ya mwaka wa 1968 ilianzisha mpango uliowawezesha watu wa kipato kidogo kununua nyumba kwa malipo ya awali ya dola 200 tu. Walanguzi walinunua nyumba mbovu, wakazipaka rangi, na wakadiriaji waliohongwa wakazithibitisha kuwa ni nzima. Wanunuzi waliingia na kukuta mitambo ya moto imekufa na kuta zinaoza. Wasio na fedha ya matengenezo walizihama. Mji wa Detroit uliumizwa sana, na mwezi wa Januari 1973 serikali iliusimamisha mpango huo.

Maafa makubwa zaidi yalikuja baadaye. Uchunguzi wa chama cha mawakala wa nyumba wa Marekani ulionyesha kwamba mwaka wa 2005 asilimia 43 ya walionunua nyumba ya kwanza hawakutoa malipo ya awali yoyote. Bei zilipoanza kushuka, watu hao ndio waliotangulia kudaiwa kuliko thamani ya nyumba zao. Mwezi wa Septemba 2008 serikali ilishika usukani wa makampuni mawili makubwa ya rehani, Fannie Mae na Freddie Mac, na benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Wenye kutetea akiba kubwa wana ushahidi mzito hapa, na si haki kuupuuza. Lakini mikopo ya wakati ule ilikuwa na kasoro nyingine nyingi. Wakala alilipwa kwa kila mkopo aliouleta, uwe mzuri au mbaya. Mapato ya mkopaji mara nyingi hayakuthibitishwa. Na riba iliyokuwa nafuu kwa miaka miwili ilipanda ghafla. Mikopo ya askari, ambayo wengi waliipata bila ya malipo ya awali, ilistahimili msukosuko huo vizuri kuliko mikopo ya FHA, ambayo ilitaka malipo hayo. Sababu moja inayotajwa ni kwamba idara ya askari hupima ni kiasi gani cha fedha kitabaki kwa chakula na mahitaji ya nyumbani baada ya madeni yote kulipwa. Na katika mji wa Las Vegas, ambako bei zilianguka kwa zaidi ya nusu, hata aliyetoa asilimia 20 aliona akiba yake yote imemezwa.

Kwa sababu ya mafunzo hayo, sheria ya mwaka wa 2010 iliwapasa wakopeshaji kuhakikisha kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa. Mwaka uliofuata wasimamizi wa fedha walipendekeza kwamba rehani yenye malipo ya awali ya asilimia 20 ihesabiwe kuwa salama, na kwamba wakopeshaji wanaouza mikopo mingine wabakie na sehemu ya hasara yake. Mabishano yakawa makali, na watetezi wa haki za raia waliungana na mabenki kuyapinga masharti hayo, kila mmoja kwa sababu zake. Mwezi wa Oktoba 2014 kanuni ya mwisho ilitolewa, na sharti la asilimia 20 halikuwamo.

Hukumu itokayo katika historia hii si kwamba akiba ni kitu cha bure. Akiba ni kinga, na mwenye nayo hulala usingizi mzuri kuliko asiye nayo. Lakini malipo ya awali hutakiwa kwa ajili ya mambo matatu, na kila moja lina njia nyingine. Yakiwa ni ushahidi wa nidhamu, mtu aliyelipa kodi ya nyumba kwa miaka kumi bila ya kukosa amekwisha kuutoa ushahidi huo, kama wale wa Birmingham na Frankford walivyoutoa kwa fungu la kila mwezi. Yakiwa ni kinga ya mkopeshaji, bima inayochangiwa na wote hutosha. Yakiwa ni kinga ya mkopaji, basi yeye anahitaji zaidi bei ya kweli, malipo yasiyobadilika ghafla, na mtu wa kumwambia kwa uaminifu kwamba mshahara wake hautoshi. Penye mambo hayo, malipo madogo yatosha. Na pasipo na mambo hayo, hata nusu ya bei haikumwokoa mtu. Atakayeshikilia sharti la akiba kubwa peke yake atakuwa ameufunga mlango kwa wale ambao wazazi wao walinyimwa nyumba, na akiba yao ikatoweka katika mikataba ya Lawndale.