Kezilahabi, Ubwege wa Maisha na Historia ya Vijiji: Usomaji kutoka Ibadakuli

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, amezoeleka kuhakikiwa kama mfuasi wa udhanaishi wa Ulaya, aliyemvisha Camus nguo za Kiswahili. Makala hii inadai kwamba mtazamo huo unaisahau historia, hasa riwaya zake zinaposomwa mahali kama Ibadakuli, mkoani Shinyanga.

Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kuipa jamii dira moja ya maisha: ujamaa na kujitegemea. Tarehe 6 Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Kaya za Wasukuma, zilizozoea kukaa mbalimbali baina ya mashamba na malisho, zikahamishwa. Ndipo ilipochapishwa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambamo Tumaini, baada ya siasa ya ujamaa kuifikia ardhi yake, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji falsafa ya kigeni ili aelewe. Tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi alikuwa amempiga risasi na kumuua Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Naye akahukumiwa kunyongwa.

Hatukanushi athari za Ulaya. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), msomi anayejitoa uhai, anasumbuliwa na maswali ya Mungu na kifo ambayo Operesheni Vijiji haiwezi kuyaeleza. Hata hivyo, tofauti ni ya msingi. Binadamu wa Camus, katika insha yake ya 1942 kuhusu Sisyphus, anauliza maana, na ulimwengu unanyamaza. Tumaini hakukutana na ukimya. Alikutana na jibu lililotangulia swali lake, tena lenye nguvu ya dola.

Kwa hiyo ubwege katika riwaya hii hautokani tu na ulimwengu usio na maana, bali pia na maana iliyotolewa kwa amri. Bunduki ya Tumaini inaikataa amri hiyo, lakini haimpatii maana nyingine. Tunapowafundisha wajukuu wa waliohamishwa, tusiishie kuwauliza Kezilahabi alimsoma nani. Tuwaulize pia: maana ya maisha ya mtu ni haki ya nani kuitamka? Swali hilo halikuletwa na meli. Lilikuwa limekwisha kuulizwa mashambani.